Kuosha gari bila kuondoa waksi na dawa ya kioo cha mbele

Mvua za kwanza zikigonga Tabora na Kigoma, maswali ni yale yale. "Nimepaka waksi juzi tu, mbona maji yanatanda kwenye boneti?" Likifuatiwa na la pili: "Dawa ya kioo ya kufukuza maji niliambiwa inakaa miezi, mbona hata wiki tatu haijafika?" Anayeuliza huwa ameshamlaumu aliyemuuzia. Ukimuuliza gari lilioshwa kwa sabuni gani, jibu mara nyingi liko hapo hapo.

Mwongozo huu ni wako wewe mwenye IST, Noah, Probox au Hiace ya abiria, uwe unaosha mwenyewe nyumbani au unamlipa kijana wa kuosha na unataka kujua umwambie nini. Shika jambo moja kabla ya yote: kioo na bodi ni kazi mbili tofauti. Karibu matatizo yote utakayoyasoma hapa chini yanatokana na kuvichanganya.

Kinachotokea, kwa ufupi

Waksi ni tabaka jembamba linalokaa juu ya klia, yaani tabaka angavu linalofunika rangi. Imeng'ang'ania tu, haikuungana na rangi, kwa hiyo chochote kinachoyeyusha mafuta kinaiondoa, na sabuni kali huipunguza kidogo kidogo kila unapoosha. Dawa ya kioo ya kufukuza maji ni kitu kingine. Nyingi zimetengenezwa kwa silikoni zinazoshikana na kioo chenyewe. Hii haitoki kwa urahisi kwa mafuta, lakini inaliwa na vitu viwili: sabuni yenye ukali wa magadi, na waipa zinazosugua vumbi juu ya kioo.

Kuna tofauti nyingine inayookoa hela nyingi: tabaka lililoondoka na tabaka lililofunikwa. Likifunikwa na mabaki ya sabuni, chumvichumvi za maji au mafuta ya barabarani, maji hutanda vile vile, na unaweza kuapa kwamba dawa imeisha. Kumbe iko chini pale, inasubiri kioshwe vizuri. Usinunue chupa mpya kabla ya kujua lipi limekupata. Namna ya kupima iko hatua ya 1 na tena mwishoni.

Sabuni na dawa zinazopatikana kwetu, na kila moja inafanya nini

Sabuni ya unga ya kufulia. Hii ndiyo adui mkubwa, na ndiyo inayotumika zaidi kwa sababu ni rahisi na ina povu. Imetiwa magadi makusudi ili ing'oe uchafu wa nguo. Kuosha mara moja kunadhoofisha waksi, na ukirudia kila wiki kwa mwezi mmoja, usitegemee kubakiwa na kitu. Kwenye kioo inakula dawa na kuacha unga mweupe kwenye mipira ya pembeni. Chembe zisizoyeyuka vizuri pia zinakwaruza rangi.

Sabuni ya kipande, pamoja na ya mawese ya Kigoma. Ni sabuni nzuri kwa nguo na kwa mikono. Kwenye gari shida yake ni kwamba ni sabuni halisi ya mafuta: ikikutana na maji yenye madini, inaganda na kuwa utando wa kijivu unaonata. Utando huo ukikaa kwenye kioo, usiku taa za gari linalokuja zinatawanyika na huoni barabara. Dawa ya kioo hapo haijatoka, imefunikwa.

Sabuni ya maji ya vyombo, ile ya chupa. Ukali wake wa magadi si mkubwa, ila imetengenezwa kumaliza mafuta ya sufuria. Osha nayo mara moja, waksi nzuri itabaki ingawa itaonekana dhaifu. Ifanye kuwa desturi, waksi itakwisha mapema. Ina kazi moja ya maana: kuosha gari siku ile unayotaka kutoa mabaki ya waksi ya zamani ili upake mpya.

Sabuni ya maji ya dumu, inayotengenezwa mtaani. Hapa ni bahati nasibu. Watengenezaji wanachanganya salfoniki (ambayo ni asidi), slesi ya povu, soda ashi (yenye ukali wa magadi), chumvi na rangi. Soda ashi ikizidi, sabuni inakuwa kali kama ya unga. Ikipungua, inabaki na asidi. Na chumvi inayowekwa ili iwe nzito inaachwa juu ya gari kama hujasuuza vya kutosha. Kama ndiyo unayoweza kuipata, nunua kwa mtengenezaji mmoja unayemwamini na uipime kwa karatasi za pH, yaani kipimo cha asidi na magadi. Tafuta kati ya 6 na 8. Ikifika 10, ifulie mazulia.

Shampuu ya gari. Hii ndiyo inayofaa. Karibu zote haziegemei asidi wala magadi, zinatelezesha mchanga bila kukwaruza, na zikisuuzwa zinaondoka zote.

Shampuu yenye waksi ndani. Kwenye bodi ni sawa, inarefusha maisha ya waksi iliyopo. Kwenye kioo cha mbele, hapana. Inaacha utando ambao waipa inausukuma na kuuvuta, kioo kinakuwa na ukungu wa mistari na waipa zinaanza kutetema.

Petroli, mafuta ya taa na dizeli. Watu wanatumia kutoa lami na "kung'arisha". Mng'ao huo ni wa mafuta, unakwisha kwa vumbi la siku moja, na waksi mahali hapo imeshaondoka. Vile vile oili chafu inayopulizwa chini ya gari: ikipeperuka ikafika kwenye kioo, utaisafisha wiki nzima.

Dawa ya kusafishia vioo yenye amonia. Ina ukali wa magadi kidogo. Mara moja moja haina neno, lakini kila siku asubuhi inapunguza umri wa dawa ya kufukuza maji. Ikidondokea kwenye bodi, ifute mara moja.

Polishi ya matairi yenye silikoni. Ukiipulizia upepo ukiwepo, vitone vinaruka hadi kwenye kioo na bodi. Itie kwenye sponji, kisha paka tairi. Usipulize.

Jiki. Haina kazi yoyote kwenye gari. Inapausha mipira na kutia kutu chuma palipokwaruzika. Na usiichanganye kamwe na siki wala asidi ya kusafishia vigae, kwa sababu mchanganyiko huo unatoa gesi ya klorini, nayo inaumiza mapafu.

Neno kuhusu nta ya nyuki, kwa sababu Tabora ni nchi ya asali na wengi wanajaribiwa. Nta ya nyuki inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 65 hivi. Boneti nyeusi iliyoachwa juani mchana wa Oktoba inaweza kufika hapo. Ikilainika inanata, na vumbi lote la mtaani linaganda juu yake. Waksi za magari zinategemea zaidi nta ya karnauba, inayotoka kwenye majani ya mti wa Brazili wa jamii ya michikichi na inayeyuka kwenye nyuzi 82 hadi 86. Nta yenu iuzeni, inahitajika kwingine. Msiipake kwenye gari ikiwa peke yake.

Maji unayoyatumia

Maji ya Ziwa Tanganyika yana madini mengi na yameegemea upande wa magadi, pH yake inapita 8.5. Yakikaukia juani yanaacha madoa meupe ya duara, na juu ya dawa ya kioo madoa hayo ni kama kifuniko. Visima vingi vya kuchimba, Tabora na Kigoma, vina tabia hiyo hiyo. Maji ya Ziwa Victoria yanayofika Tabora kwa bomba ni laini zaidi. Ya mvua ndiyo bora kuliko yote, mradi umeacha mvua ya mwanzo ikaosha bati kabla ya kukinga.

Kama maji laini ni machache, tumia ya kisima au ya ziwa kusuuzia vumbi na kuoshea, halafu weka lita 10 za mvua kwa suuzo la mwisho tu. Inatosha kabisa. Na maji ya ziwa yachote, uende nayo mbali. Usiliingize gari ufukweni, kama Kibirizi au Ujiji kule Kigoma. Povu na oili vinaingia kwenye maji ambayo watu wanakunywa na dagaa wanaishi, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda eneo la mita 60 kutoka ukingo wa ziwa.

Vitu vya kuandaa

- Maji, madumu manne ya lita 20. Moja la kusuuza vumbi, nusu ya kuoshea, nusu ya kusuuzia kitambaa, mawili ya kusuuza mwisho. Ukiwa na mashine ya presha utatumia zaidi.
- Ndoo mbili, moja ya shampuu na moja ya maji matupu ya kusuuzia kitambaa. Ya tatu ndogo kwa magurudumu.
- Shampuu ya gari isiyo na waksi. Kama kopo halina maelekezo, vijiko viwili vya chakula, yaani mililita 30, kwa lita 10.
- Vitambaa vya maikrofaiba visivyopungua vinne: kimoja cha bodi, kimoja cha kioo tu, kimoja cha kukaushia, kimoja cha akiba. Cha kioo kiwe na rangi tofauti ili kisichanganyike. Usikifue kwa dawa ya kulainisha nguo, kwani inaacha utando wenye mafuta.
- Brashi au sponji chakavu ya matairi.
- Siki nyeupe, nusu lita.
- Spiriti ya isopropili ya asilimia 70, mililita 100 za chupa ya maji ya waipa na nyingine kidogo ya kufutia. Angalia lebo: spiriti za vidonda za aina fulani zimetiwa mafuta ya mbarika, na vitakasa mikono vina gliserini. Vyote viwili vinachafua kioo badala ya kukisafisha.

Hatua kwa hatua

1. Pima kabla ya kuosha. Mwaga kikombe cha maji kwenye boneti na kingine kwenye kioo. Tazama. Matone ya duara yanayokimbia ni dalili ya tabaka lililo hai. Maji yakitanda na kukaa, kuna tatizo, ila bado hujui ni lipi. Kumbuka ulichoona, utalinganisha mwishoni.

2. Egesha kivulini na usubiri bodi ipoe. Gusa boneti kwa kiganja. Kama huwezi kukishikilia hapo, ni mapema. Sabuni ikikaukia juu ya bodi ya moto inaacha alama, na hata shampuu nzuri inakuwa kali inapobaki bila maji. Mwembe unatoa kivuli kizuri, lakini hakikisha husimami chini ya utomvu unaodondoka. Asubuhi kabla ya saa tatu au jioni baada ya saa kumi ni wakati mzuri zaidi.

3. Anza na magurudumu, kwa ndoo yake. Huko ndiko kuna mchanga, grisi na unga wa breki. Ukitumia dawa kali ya kutoa grisi, itumie hapa tu na isuuze kabla ya kugusa bodi. Kitambaa kilichogusa tairi kisipande tena juu, hata kikisuuzwa. Hili ndilo kosa tunaloliona zaidi kwenye vituo vya kuoshea: kitambaa kimoja kinaanzia kwenye tairi na kuishia kwenye kioo.

4. Suuza vumbi kwa maji matupu, kutoka paa kwenda chini. Usiguse kwa mkono wala kitambaa. Kama gari limetoka safari kwa njia ya vumbi, rudia mara mbili. Mchanga wa Tabora ni mkali. Ukiusugua, waksi inakwaruzika kabla sabuni haijafika. Mwenye mashine ya presha ashike bomba sentimita 40 hadi 50 kutoka kwenye bodi, zaidi kwenye kona na palipopakwa rangi upya.

5. Osha kioo cha mbele kwanza, peke yake. Chukua kitambaa cha kioo, maji safi lita 2, shampuu nusu kijiko cha chai. Futa kwa mistari iliyonyooka kutoka juu kwenda chini, usisahau ukingo wa chini unapolala mpira wa waipa, huko ndiko uchafu unakojificha. Wadudu waliokauka baada ya safari ya usiku kupitia Malagarasi usiwasugue. Weka kitambaa kilicholowa juu yao dakika kumi, watatoka wenyewe. Stilwaya ya sufuria iache jikoni, inakwaruza kioo na mikwaruzo yake haitoki. Suuza kioo kabla hujaendelea.

6. Osha bodi. Chovya kitambaa kwenye shampuu, osha eneo moja (paa, boneti, mlango mmoja), kisha kisuuze kwenye ndoo ya maji matupu kabla ya kukichovya tena. Hakuna haja ya kukandamiza. Osha kwa mistari, si kwa mizunguko. Anza paa, boneti, buti, milango kutoka juu, malizia na bampa. Shampuu ikianza kukauka upande mmoja, suuza kwanza huo kabla ya kuendelea.

Usiongeze sabuni kwa sababu povu limepungua. Povu halioshi. Mililita 60 badala ya 30 hazileti gari safi zaidi. Zinaleta mabaki zaidi ya kusuuza, na mabaki ndiyo yanayofanya maji yatande.

7. Suuza mpaka maji yanayotoka chini yawe hayatelezi. Paka kidole ukingoni mwa mlango: kama kinateleza, sabuni bado ipo. Suuza pia nyufa za taa, sehemu ya kibao cha namba na chini ya waipa. Lita 10 za mwisho ziwe za maji laini, zimwage bila presha ili zishuke kwa pamoja.

8. Kausha mara moja. Laza maikrofaiba kavu juu ya boneti na uivute taratibu. Kuliacha gari likauke lenyewe juani ndiko kunakozaa madoa meupe, hasa kwa maji ya ziwa na kisima.

9. Safisha mipira ya waipa. Inua waipa, futa mpira kwa kitambaa chenye spiriti kidogo mpaka kitambaa kisitoke na weusi. Usipofanya hivi, waipa chafu itapaka kioo kisafi uchafu wote uliouosha. Hatua hii inachukua dakika mbili na wengi wanairuka.

10. Jaza chupa ya maji ya waipa bila sabuni. Maji laini lita 1 na spiriti ya isopropili mililita 100. Maji ya mvua yaliyochujwa kwa kitambaa safi yanafaa. Maji ya betri pia yanafaa, lakini hakikisha ni yale ya kuongezea, si maji makali yenye asidi. Sabuni ya vyombo ndani ya chupa hii inaziba vitundu na kuacha utando kila unapopuliza.

11. Pima tena kama hatua ya 1. Matone yamerudi? Basi kilichokuwepo kilikuwa mabaki, na dawa yako ni nzima. Hayajarudi? Soma sehemu ya matatizo kabla ya kutoa hela.

Ukiamua kupaka upya

Waksi ya karnauba, kwa gari linaloegeshwa nje na kuoshwa kila wiki kwa shampuu sahihi, hukaa wiki sita hadi kumi na mbili. Za kutengenezwa kwa polima hukaa miezi minne hadi sita. Kwa hali ya hewa ya kwetu, paka mwishoni mwa Oktoba kabla mvua hazijakolea, na tena zikiisha, kabla ya vumbi la Juni.

Osha kwa sabuni ya vyombo safari hii tu, suuza, kausha. Chukua waksi isiyozidi kijiko kimoja cha chai kwa boneti nzima. Ipake kwa sponji laini iwe nyembamba kiasi kwamba rangi inaonekana chini yake. Subiri dakika 5 hadi 15, pitisha kidole: kikipita na kuacha njia safi, futa. Ikiwa bado inavutika, subiri. Usipake juani. Usipake kwenye plastiki nyeusi, itaacha weupe unaokera. Usiipake kwenye kioo cha mbele hata kidogo, na ukimaliza bodi, futa kioo kwa spiriti kwa sababu vumbi la waksi limeshatua juu yake.

Kioo kina utaratibu wake, na kinastahili muda zaidi kuliko bodi kwa sababu ni macho yako barabarani. Changanya siki na maji nusu kwa nusu, lowesha kitambaa, kilaze juu ya madoa meupe dakika 2 au 3 bila kuacha kikauke, kisha suuza vizuri. Linda bodi, siki isitiririke ikakaa juu yake. Kausha. Pitisha spiriti kwa kitambaa safi, mara mbili. Pitisha kiganja: kioo kilicho tayari kinakwaruza kwa sauti, hakitelezi.

Soma lebo ya dawa, kwa sababu nyingine zinafutwa papo hapo na nyingine zinasubiri. Kwa zile za kawaida za silikoni: kijiko kimoja hadi viwili vya chai kwenye kitambaa, paka kwa mizunguko inayopandana, nusu ya kioo kwa wakati mmoja, ngoja ukungu uonekane, kisha futa kwa kitambaa kilicholowa kidogo. Rudia tabaka la pili. Usiwashe waipa kwa saa kadhaa na usioshe gari kwa saa 24. Isipakwe ndani ya kioo. Huko inaleta ukungu tu.

Usitarajie dawa ifanye kazi ya waipa. Kwenye mwendo wa kilomita 60 kwa saa na kuendelea, upepo unayasukuma matone yenyewe. Ukiwa kwenye foleni mvua ikinyesha, utahitaji waipa kama kawaida.

Matatizo na namna ya kuyatambua

Maji yanatanda kila mahali baada ya kuosha. Chagua eneo la sentimita 30 kwa 30. Lioshe kwa matone matatu ya shampuu, suuza kwa lita 2 za maji ya mvua, kausha, mwaga maji. Matone yakirudi, ilikuwa sabuni imefunika. Suuza gari lote upya. Yasiporudi na eneo hilo liko kwenye kioo, jaribu siki kama ilivyoelezwa juu. Yakirudi sasa, yalikuwa madini. Yasiporudi baada ya vyote viwili, tabaka limeondoka, paka upya.

Kioo kinafukuza maji pembeni tu, si pale zinapopita waipa. Waipa zimekula dawa. Mara nyingi sababu ni kuziwasha kioo kikiwa kikavu chenye vumbi. Puliza maji kwanza, kisha washa. Paka upya ile sehemu tu inayofutwa na waipa. Angalia pia mpira: ukishapasuka au ukawa mgumu kwa jua, badilisha kabla ya kupaka.

Waipa zinatetema na kupiga kelele. Kama ilianza baada ya kuosha kwenye kituo, wametumia shampuu yenye waksi au polishi ya matairi imeruka. Safisha kioo kwa spiriti na mipira pia. Kama ilianza baada ya kupaka dawa ya kioo, uliipaka nene au hukuifuta sawasawa. Futa kwa kitambaa kilicholowa, kisha kikavu. Ikiendelea baada ya hapo, tazama mkono wa waipa, unaweza kuwa umepinda na mpira hausimami wima.

Usiku taa zinatawanyika, mchana kioo kinaonekana kizuri. Jaribu ndani kwanza. Mvuke wa plastiki za dashibodi na polishi yake hujenga utando upande wa ndani ambao hakuna sabuni ya nje itakayoufikia. Futa ndani kwa spiriti, kitambaa kikavu kikifuata. Ikiwa kioo cha dirisha kimewekwa tinti, spiriti isikiguse.

Paa na boneti zimeisha waksi, milango bado. Ni kawaida. Jua, vinyesi vya ndege na popo hushambulia sehemu za juu. Ongeza waksi huko tu, huna haja ya kupaka gari zima. Kinyesi kisikae hata siku moja: lowesha, subiri dakika tano, nyanyua kwa kitambaa bila kusugua.

Madoa meupe hayatoki kwa siki kwenye bodi. Yameshaanza kula klia. Usikimbilie asidi ya kusafishia vigae, inaharibu kromu na alumini. Hapo panahitaji kompaundi laini (dawa ya kusugulia rangi) kwa mkono, eneo dogo, kisha waksi mpya kwa sababu kompaundi inaondoa ya zamani yote.

Utomvu wa embe na vitone vya lami. Spiriti kwa utomvu, dawa maalumu ya lami au mafuta ya taa kidogo kwenye pamba kwa lami. Gusa doa lenyewe, si eneo zima. Likitoka, osha hapo kwa shampuu na urudishie waksi kwa ncha ya kidole. Lami inayorushwa na barabara inayojengwa itoe ndani ya siku mbili tatu, kabla haijakauka na kukulazimisha kusugua.